Nyuma ya Ua wa Mabua

Ipuli, Tabora
23 Agosti 1953

Mpendwa Kasimiri,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi mzima, baba na mama wazima, na mbuzi wa mama amezaa pacha, wote majike, kwa hiyo nyumba ina furaha.

Jembe limefika. Damas alilileta Alhamisi, akamkabidhi baba kwa mikono miwili kama ulivyomwelekeza, na kile kibuyu cha samli akampa mama. Samli ni nzuri, mama anaionja kila akipita karibu nayo. Baba aliligeuzageuza jembe, akaligonga kwa kucha asikie chuma chake, akalitundika nyuma ya mlango. Kisha akaniuliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia unachanja ng'ombe huko Ziba, na ugonjwa wa sotoka haujui Jumapili. Akasema vema, ila katika ukoo wake jembe la posa huja bila mpini, na mpini huletwa na mwenye posa siku anapokuja kujionyesha. Mshenga haleti mpini. Na mshenga, akasema, huwa mtu mzima wa ukoo, si kijana anayezunguka nchi na gari la sinema. Nayaandika kama alivyoyasema, usinikasirikie mimi.

Sasa nikupe kichekesho. Jioni ile ile gari la sinema lilisimama kwenye uwanja wa mpira na Ipuli nzima ikahamia huko na mikeka yake. Kazi ya rafiki yako unaijua: picha zinatembea kimya kwenye kitambaa, naye ameshika kipaza sauti anatuambia wanasemaje. Wakaonyesha ya pamba, wakaonyesha ya kuchimba choo, halafu ikaja fupi ya kuchekesha. Kijana mmoja, sisi tumemwita Bwana Kofia, anamwona msichana kisimani na kuanguka na baiskeli yake. Anakwenda kwa kinyozi kuomba shauri la mapenzi. Kinyozi kila akipata neno la maana anaacha kunyoa ili alitoe vizuri, mpaka kijana anatoka na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, anakifunika kwa kofia. Shauri lenyewe ni kwamba asiende mwenyewe, amtume rafiki. Basi rafiki, mtu mrefu, anakwenda kwa kina msichana na jembe begani, baba mtu analipokea, msichana anacheka sana. Hapo Damas akatuambia kwenye kipaza sauti, "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mrefu amejiposea." Mwishoni Bwana Kofia anakuja mbio, anajikwaa, anatumbukia kwenye pipa la maji, kofia inaelea na ule upande wa kichwa unang'aa. Mama Zamda, jirani yetu, alipaliwa na karanga, ikabidi apigwe mgongoni.

Nilicheka na mimi. Lakini tulipokuwa tukirudi, watu nyuma yangu walikuwa wakisema jembe, mrefu, jembe, mrefu. Damas ni mrefu, Kasimiri. Asubuhi yake mama Zamda aliuliza mkwe wetu ameondoka saa ngapi, naye alikuwa akimwulizia Damas.

Njoo basi. Matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu, na lazima yaishe kabla ya Majilio. Padre amesema hatangazi jina la mtu ambaye hajamwona.

Wako,
Tekla


Ziba
5 Septemba 1953

Kwako mchumba wangu Tekla binti Bernardo,

Baada ya salamu, nakuarifu kwamba barua yako imefika, nami nimeisoma mara nyingi. Bahasha ilikuwa imebandikwa kwa ugali. Sisemi kitu, nauliza tu. Ni wewe uliyeibandika kwa ugali, au ilitoka kwako na gundi ikafunguliwa njiani na mtu mwingine?

Kuja sasa sijaweza. Ng'ombe wa upande wa Choma wamezuiwa kuhama mpaka wote wachanjwe, na bwana mifugo hatoi ruhusa kwa mtu yeyote. Mfikishie baba shikamoo yangu, umwambie mpini ninauchonga, ni wa mninga.

Sinema hiyo nami niliiona, Choma, siku ya mnada, mwanzoni mwa mwezi wa nane, kabla haijafika kwenu. Nashangaa jinsi ulivyoisimulia. Kinyozi niliyemwona mimi ni mtu wa hekima. Alimwambia kijana hivi: mnunuzi hanunui ng'ombe aliyelala, humsimamisha kwanza amwone anavyokwenda. Kwa hiyo amtume rafiki ajifanye anamtaka msichana, na msichana akimkataa, ndipo aoe. Yule mrefu alikuwa ametumwa kujaribu. Jembe likapokelewa, msichana akacheka badala ya kumfukuza, ikajulikana ni mtu wa namna gani, na Bwana Kofia akaponea chupuchupu. Wazee wa Choma walipiga fimbo chini kwa kumsifu kinyozi. Kuhusu pipa la maji, Damas alisema kijana alizidiwa na furaha.

Wewe unasema sinema hiyo inamcheka Bwana Kofia. Labda kila mtu huona anachopenda kukiona.

Naomba unijibu machache. Damas alipokuja kwenu alikaa muda gani? Togwa alipewa na nani? Na alipokukuta unaanua mtama, akakuambia maneno fulani, kwa nini ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye mkeka? Siulizi kwa ubaya. Mchanjaji huuliza kwanza ndipo achome sindano.

Nayakumbuka macho yako ya ndama aliyeshiba, kama nilivyokuandikia katika barua yangu ya kwanza kabisa.

Ni mimi,
Kasimiri


Ipuli
17 Septemba 1953

Kasimiri,

Ugali ni wangu. Gundi ilikwisha, na ugali wa mama unashika kuliko gundi ya posta. Hii pia nimeibandika kwa ugali, na juu ya mshono nimechora msalaba. Ukiukuta msalaba umekatika ndipo utafute mwizi. Na nimeitia posta kwa mkono wangu, sikumpa Damas wala mtu wa Damas.

Nimekasirika, na nataka ujue. Umeniuliza habari za togwa. Togwa ilitoka kwa mama, maana mtu akileta jembe kwetu hanywi maji matupu. Alikaa mpaka togwa ikaisha, basi. Umenilinganisha na ng'ombe wa mnadani, ukasema huulizi kwa ubaya. Ukitaka kuuliza kwa ubaya utaandika nini?

Kwa habari ya sinema, ama zipo mbili, ama wewe na mimi mmoja wetu ni mwongo, ama ipo midomo miwili katika kichwa kimoja. Kinyozi wetu alikuwa mpumbavu. Hapakuwa na jaribio. Hakuna aliyepiga fimbo chini kumsifu, walimzomea.

Lipo jambo sikukuandikia mara ile, kwa kuwa sikujua niliite nini. Ijumaa, siku moja baada ya kuleta jembe, Damas alirudi peke yake akidai amekuja kuaga. Nilikuwa naanua mtama kweli. Akaniambia napoteza ujana kwa kumngoja mtu wa mbali, kwamba huko Ziba watu husahau. Akasema macho yangu ni ya ndama aliyeshiba. Nikacheka, na ni kweli nilikaa chini. Sababu ya kicheko changu naiweka kwanza, sitakupa leo.

Wiki iliyopita gari lilirudi kutoka Sikonge, naye akaja tena. Safari hii hakutaja ndama. Alisimama kwenye mlango wa jiko, kofia mkononi, maneno yote ya kipaza sauti yamemkauka, akasema yeye atanunua jembe lake mwenyewe. Sikucheka. Nilimmwagia maji niliyokuwa naoshea sufuria, na akaondoka amelowa kifuani mbele ya mama Zamda, kwa hiyo sasa Ipuli yote inajua.

Sasa na mimi nina swali, moja tu, nalo ulijibu kwa ukweli hata kama ni chungu. Ulimtuma Damas aje na neno lolote mbali na jembe na samli?

Tekla


Ziba
24 Septemba 1953

Damas,

Nilikutuma mara moja. Ulikwenda, ukaniandikia kutoka Tabora kwamba ulimjaribu kama nilivyokwambia, naye akacheka. Hapo kazi ilikwisha. Nani alikutuma kwenda mara ya pili, na habari za jembe lako mwenyewe ni habari gani?

Tena, kwa nini sinema ya Choma si sinema ya Ipuli? Mimi nilifuata shauri la yule kinyozi. Nilimwamini. Sasa Tekla ananiambia kwao kinyozi ni mpumbavu. Ulikuwa unawaambia watu wa Ipuli mimi ni Bwana Kofia?

Jibu upesi. Na lolote utakalojibu, Tekla asijue kwamba nilikutuma kumjaribu. Akijua, urafiki wetu tangu shule ya misheni umekufa.

Kasimiri


Nzega
3 Oktoba 1953

Ndugu yangu Kasimiri, bwana wa sindano,

Barua yako imenikuta Nzega nikiwa chini ya gari, na dereva amelala. Nimeisoma hapo hapo na grisi mkononi, kwa hiyo madoa utakayoyaona si machozi.

Nianze na sinema, maana hiyo ni rahisi. Filamu imepigwa pwani. Nilipewa maelezo yake, na maelezo yanasema yule mrefu amekuja kurudisha jembe aliloazima. Jembe la kuazima tu, bwana wee! Huko pwani jembe ni jembe. Mimi nikaja nalo Choma, sijafungua mdomo, wazee wameshaona jembe linaingia kwenye nyumba yenye msichana na baba mtu analipokea, wakaanza kelele: ameposa, ameposa. Ungekuwa wewe ungewaambia wamekosea? Watu mia kadhaa wenye fimbo? Nikaona nikisema rafiki amempora rafiki yake mchumba, watanipiga mimi niliyeshika kipaza sauti. Basi nikasema alitumwa kumjaribu, na lawama nikamtupia msichana. Yeye yuko kwenye kitambaa, hawezi kunifuata. Ipuli nako wakasema ameposa, lakini mbele walikaa kina mama, na kina mama hawataki kusikia habari za msichana kujaribiwa. Nikamtupia lawama Kofia. Kila mahali watu walicheka na kurudi nyumbani wameridhika. Sikujua kwamba katika watu wote wa Choma yupo mmoja, tena msomi, aliyekaa pale akipokea shauri la kinyozi kama mahubiri.

Na ulipokuja nyuma ya gari usiku ule ukaniambia nikamjaribu Tekla, nilikukatalia. Kumbuka. Nilikwambia kinyozi nimemtungia maneno mimi. Ulidhani nakwepa safari.

Sasa lile la pili. Sitakuficha, tumekula sahani moja. Mara ya kwanza nilikwenda kwa mguu wako. Nikasema maneno uliyonifundisha, pamoja na lile la ndama, ambalo kwa maoni yangu si la kumwambia mwanamke, lakini ulisisitiza. Naye akacheka. Kasimiri, hujaona alivyocheka. Alikaa chini, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akanitazama kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa akikingoja. Mimi nimezunguka nchi hii na gari kutoka Sikonge mpaka Ziba, nachekesha watu wasionijua, na hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Nikajua nimependwa. Mara ya pili nilikwenda kwa mguu wangu.

Umesikia nilivyopokelewa. Shati la kazi limeshika masizi, halitoki. Kwa hiyo mtihani wako umeshapata jibu, kafaulu, na aliyefeli ni mimi. Kwa nini alicheka mara ya kwanza sijui mpaka leo. Mwulize mwenyewe, ila usimwulize kama unavyoniuliza mimi.

Sitamwambia kwamba ulinituma. Lakini nakuonya kama ndugu, mwambie wewe. Kipaza sauti kimeanza kukohoa, nadhani ni vumbi la huko kwenu. Baada ya siku chache tunarudi Tabora kukitengeneza.

Damas wa Sinema


Ziba
10 Oktoba 1953

Mpenzi wangu Tekla,

Msalaba nimeukuta mzima. Naomba radhi kwa maswali yangu, yalitoka katika upweke wa huku.

Swali lako nalijibu kwa ukweli mbele ya Mungu. Damas nilimpa jembe na samli, basi. Hayo mengine ni yake. Tangu alipoondoka Choma na jembe langu sijapata neno kutoka kwake, la mdomo wala la barua. Nimesikitika sana kwamba mtu niliyesoma naye amenigeuka, na kuanzia leo yeye si rafiki yangu. Akija tena, baba amfukuze. Maji uliyommwagia nayasifu.

Nadhani tusahau mambo ya sinema. Ni upuuzi wa kupotezea watu wakati. Bwana mifugo amesema labda mwezi wa kumi na mbili nitapata ruhusa. Najua Majilio yatakuwa yameanza, lakini Noeli ikipita hakuna kitakachotuzuia. Tumengoja mengi.

Wako daima,
Kasimiri


Ipuli
25 Oktoba 1953

Kasimiri,

Umesema tusahau mambo ya sinema. Mimi nimeiona tena jana.

Gari lilikuja Ipuli na kipaza sauti kibovu. Damas alijaribu kutumia mdomo mtupu, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na watu wakamwambia kaa chini, bwana, tuna macho. Akakaa. Tukaitazama sinema ya kinyozi kimya, tunasikia injini ya umeme tu na watoto wanaokohoa. Nikuambie niliyoyaona, na mwenye macho haambiwi tazama.

Jembe lile lina mpini. Lina udongo pia, udongo mbichi, unadondoka wakati mrefu anaposhusha jembe begani. Mara ya kwanza nilikuwa pale pale na sikuona, kwa kuwa Damas alikuwa ameshatuambia ni la posa. Nani anaposa kwa jembe lenye udongo? Yule baba alilipokea akalisimamisha ukutani penye majembe mengine, akaendelea kusuka kikapu chake. Mrefu amerudisha jembe la watu. Hakuna zaidi.

Kisha mrefu anazungumza na msichana. Nyuma yao upo ua wa mabua. Mama Zamda ndiye aliyeona kwanza, akanifinya. Juu ya mabua ipo kofia. Inakwenda kulia, inarudi kushoto, inasimama. Bwana Kofia alikuwepo wakati wote, amejificha nyuma ya ua anamchungulia rafiki aliyemtuma. Na msichana hamtazami mrefu hata kidogo. Anatazama juu ya ua, anaiona kofia, ndipo anacheka. Anamcheka yule aliyejificha. Alimjua kwa kofia yake.

Sikucheka jana. Watu wote walicheka, mimi nilikaa nikahisi baridi, kwa sababu nilikuona wewe.

Umeapa mbele ya Mungu kwamba tangu Choma hujapata neno la Damas. Basi nani alikuambia kwamba nilicheka? Mimi sikukuandikia. Katika barua yangu ya Agosti hakuna mtama wala mkeka. Ulijua, na ulijua kabla sijakuambia, maana ulikuwa ukingoja habari. Njia ya mwongo ni fupi, Kasimiri, yako haikutoka hata Ziba.

Sasa nikupe ile sababu niliyokuwa nimeiweka. Damas ni mtoto wa mjini, hajui ndama wala mtamba. Aliposema macho ya ndama aliyeshiba, nilijua maneno hayo yametoka wapi. Hakuna mwanamume mwingine katika jimbo zima anayeweza kumsifu mtu namna hiyo. Nikadhani ni utani wenu, kwamba umempa salamu aniletee akijifanya ni zake ili nikutambue. Nilikuwa sijakuona tangu Pasaka, halafu nakusikia kwenye mdomo wa mtu mwingine, ukiwa vile vile na ng'ombe zako. Nilicheka kwa furaha, Kasimiri. Nilikaa chini kwa sababu nilikukumbuka mno. Kicheko hicho ndicho ulichokiandikia maswali. Imeniuma sana, na sijui itaacha lini kuuma.

Damas nilimkuta jana akifunga nyaya. Sikumuuliza kitu, na hakuniambia kitu, ila aliniomba radhi kwa ajili ya siku ile ya jikoni, akaondoka ameinamisha kichwa. Kwa hilo amekushinda, maana yeye alikuja na aibu yake mwenyewe.

Baba amelishusha jembe. Amesema mvua zinakaribia na hawezi kukaa na chuma cha mtu nyuma ya mlango wakati watu wanalima. Matangazo ya kwanza ni Jumapili ya tarehe nane, na padre anataka kumwona mwenye jina Jumamosi hii ijayo, wiki nzima kabla. Ikifika Jumamosi hiyo mpini haujaja, jembe litarudi Ziba kwa lori, na baba atamkaribisha mtu wa Usoke aliyekwisha kuuliza mara mbili. Sikutishi. Mtu huyo yupo, na alikuja kwa miguu yake.

Kama unauchonga mpini kweli, ulete. Usimtume mtu.

Tekla


Ipuli, nje ya ua wenu
Jumamosi, 31 Oktoba 1953

Tekla,

Nimefika alfajiri kwa lori la pamba, juu ya marobota. Ruhusa sikupewa. Nimeacha sindano kwa mwenzangu na nikirudi sijui kama nitakuta kazi.

Nilimtuma. Nilimfundisha neno kwa neno, na nilikudanganya mbele ya Mungu. Niliogopa. Wewe uko mjini, umesoma, na mimi nanuka dawa ya ng'ombe hata nikioga. Nilipoona kwenye kitambaa kwamba msichana anaweza kujaribiwa, nilifurahi, kwa sababu nilitaka kujua bila kukuuliza. Sasa najua, na ninajiona mjinga.

Nimekuja mpaka mlangoni mara mbili nikarudi. Namsikia baba akikohoa ndani, nasahau nilichopanga kusema. Mpini ninao. Nimempa mama Zamda karatasi hii akuletee, unijibu kama niingie au niende stesheni.

Kasimiri


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Hata leo umemtuma mtu.

Kofia yako inaonekana juu ya mabua tangu nilipotoka kuchota maji. Inakwenda kulia, inarudi kushoto. Mama ameshaiona, na mbuzi wameshaiona. Padre yupo kanisani mpaka saa sita, na yule wa Usoke ameahidi kufika jioni.

Sijakusamehe. Hilo tutalizungumza, tena kwa siku nyingi, na wewe ndiye utakayekuwa unajibu maswali. Lakini baba ameuliza ni nani yule amesimama nyuma ya ua na mti mkononi. Nimemwambia simjui, aje ajieleze mwenyewe kwa mdomo wake. Ameketi sebuleni anakungoja, jembe liko miguuni pake.

Ingia. Na ukinikuta nimekaa chini kwenye mkeka, usiniulize kwa nini nacheka.

T.